Picha za Stendi Zisizo na Vichwa

Jumapili, Tangini. Tangu asubuhi mbingu zimenuna na mvua hainyeshi. Nguo nilizofua jana alfajiri bado mbichi kwenye kamba. Nami nimenuna vilevile, kwa hiyo leo msitegemee nitaandika kistaarabu.

Mnaonisoma mnaijua shughuli yangu. Naweka humu picha za zamani za Kibaha, hasa Maili Moja, kabla barabara haijapanuliwa na stendi haijahamishwa. Watu mnazipenda. Mmoja anaandika kwamba hapo ndipo alipomwona mumewe mara ya kwanza. Mwingine anakomaa kwamba ile hoteli ya chapati ilikuwa upande wa pili, na ubishi unakwenda wiki nzima. Mimi nacheka nanyi. Ila sijawahi kuwaambia kwa nini nilianza kuzitafuta hizo picha.

Nilianza kwa sababu ya mama.

Mama yangu, Zuhura, alifariki mimi sijaanza hata kutembea. Sura yake siijui. Sisemi nimeisahau, maana mtu husahau alichowahi kukijua. Siijui. Na baba yangu alikuwa mpiga picha wa stendi, kamera shingoni kutwa nzima, anazunguka katikati ya mabasi na wauza mahindi, anawapiga picha wasafiri na wapiga debe na maharusi wanaopita. Binti wa mpiga picha hana picha ya mama yake. Nikilisema hili mbele za watu wanadhani natania.

Kisa chenyewe ni hiki. Mama alipokufa baba alioa tena, na kwetu humwingizi mke mpya ndani halafu marehemu anamtazama kutoka ukutani. Baba akazishusha picha zote za mama, akazitia kwenye sanduku la bati pamoja na picha zake nyingine za mjini, akampelekea dada yake Kisarawe. Mikanda ya filamu ilibaki kwenye kibanda chake cha kazi, kando ya barabara. Barabara ilipopanuliwa kibanda kikachorwa X, kikaangushwa, mikanda ikaondoka na kifusi. Baba hakushtuka hata kidogo. Alisema picha zenyewe ziko kwa dada yake, ziko salama. Sanduku hakutaka lifunguliwe, asije akamuumiza mama mdogo, nami nikaiheshimu nyumba yake. Mwaka jana tukamzika, na neno lake lilikuwa lilelile. Ziko salama.

Arobaini na mambo yote yalipokwisha nikampigia shangazi. Nikamwamkia, nikamuuliza kama picha bado zipo.

"Zipo zote, mwanangu. Sijapoteza hata moja. Njoo."

Nikanunua fremu. Si hizi za plastiki, fremu ya mbao yenye kioo. Nilishachagua na mahali pa kuitundika, sebuleni, ukutani, unapoingia tu unaiona. Jana nikaiviringisha kwenye khanga nikaenda Kisarawe.

Shangazi Mwanaidi ni fundi cherehani, au alikuwa, maana siku hizi macho hayamruhusu. Alinipokea vizuri, alinipikia muhogo wa nazi, akanilazia mkono begani kama alivyokuwa akifanya nikiwa mdogo. Huo muhogo niliula wote. Leo nikiukumbuka naona uchungu.

Tukakaa mkekani, akalivuta sanduku, akafungua. Picha ya juu kabisa ilikuwa ya stendi, na ilikuwa nzuri, acheni niseme kweli. Kila kitu mnachobishania kipo. Hoteli ya chapati ipo, na yule mama aliyesema ni upande wa kushoto alikuwa na haki, ninyi wengine mwombeni radhi. Genge la ndizi lipo. Mnazi uliokuwa nyuma ya choo upo, umeinama. Hata maandishi ya ubavuni mwa basi yanasomeka. Na mbele ya hayo yote wamesimama mwanamume na mwanamke wameshikana mikono, wote wawili hawana vichwa.

Nilidhani imeliwa na panya. Nikachukua ya pili. Nikachukua nyingine. Kila penye mtu pana tundu la duara, limekatwa safi, kwa mkasi wa fundi anayejua kukata shingo ya blauzi. Nikiinyanyua picha naona mkeka kupitia kwenye uso wa mtu.

Shangazi hakuficha kitu. Alinieleza huku anamenya chungwa. Miaka mingi nyuma mama alimjia ndotoni, amejitanda khanga iliyolowa, amesimama mlangoni wala haingii. Akamjia tena. Shangazi akawauliza wanawake wenzake wa darasa la dini. Mmoja akamwambia marehemu hapumziki wakati sura yake bado inatazama watu. Mwingine akamwambia picha ikishatolewa kichwa haina neno, inakuwa sawa na picha ya mti. Basi ikamtosha. Hakumuuliza shehe, hakumuuliza kaka yake, wala mimi sikupigiwa simu. Kwa kuwa macho yalishaanza kumsumbua, hakuweza kutofautisha nyuso za wageni na za watu wetu, akakata wote.

Kuzichoma hakuweza. Alisema kuchoma picha ya mtu ni kama kumchoma mwenyewe. Nikamuuliza vichwa viko wapi.

"Nimevizika," akasema. "Vile tunavyozika nywele na kucha. Nikavifunga kwenye bafta nyeupe, nikavisomea Fatiha, nikavizika nyuma pale, penye mstafeli."

Nilikwenda kuutazama huo mstafeli. Umezaa sana. Ardhi ya pale ni mbichi hata kiangazi, na karatasi haikai miaka yote hiyo kwenye ardhi mbichi, hilo halihitaji kusomea. Nikarudi ndani.

"Shangazi, umenizikia mama mara mbili."

Akaniangalia kama mtu ambaye hajaelewa kosa lake. Akasema, "Nilimpenda Zuhura kuliko unavyojua. Nilitaka alale." Na mimi namwamini. Hilo ndilo linalonichoma. Wifi mwenye roho mbaya kila mtu anajua namna ya kumchukia, una mashahidi, una nyimbo za taarabu za kumpigia. Huyu alimfulia mama yangu nguo za uzazi, akakaa naye hospitali, akalia mpaka sauti ikakauka. Halafu akachukua mkasi kwa upendo wake. Nimchukie kwa lipi? Na nisipomchukia, hasira hii niipeleke wapi?

Nikamwomba basi anieleze alivyokuwa. Akasema alikuwa maji ya kunde, ana mwanya, mzuri. Nikamngoja aendelee. Nusu ya wanawake wa Pwani ni maji ya kunde wenye mwanya. Akaweka chungwa chini, akasema siku hizi hata yeye akimfikiria anamwona mwendo tu, uso hauji. Nilimwonea huruma hapo, na sikupenda kumwonea huruma.

Msiniambie nikajitazame kwenye kioo. Nimefanana na baba mpaka kucha. Wote waliomjua wanasema hivyo, tena kwa kusifia.

Chini kabisa ya sanduku ilikuwepo picha moja ambayo mtu mzima alikuwa na kichwa chake. Mwanamke ameipa kamera mgongo, ameinamia beseni la vitumbua, kilemba kimekaa upande. Vitumbua hivyo ndivyo alivyokuwa akiuza pale stendi, na ndivyo vilivyomkutanisha na baba. Shangazi akaisogeza karibu na macho, akasema huyo ndiye. Yeye hakumkata kwa sababu uso hauonekani, hakukuwa na cha kukata.

Mgongoni amebeba mtoto. Mtoto amegeuza shavu kuitazama kamera, kwa hiyo mtoto amekatwa.

Mtoto huyo ni mimi.

Niliaga, nikambusu mkono kama inavyotakiwa, akanifungia stafeli kwenye mfuko. Nilizipokea. Njiani nikaziacha kwenye benchi la kituo, aliyeziona na azile.

Sasa ni jioni, sanduku liko miguuni pangu na fremu bado imeviringishwa kwenye khanga. Mji nimeupata wote, mjue. Maili Moja yenu nzima iko hapa, kila kibanda, kila mti, mtabishana mpaka mchoke. Kesho nitaanza kuzipandisha humu kama zilivyo, na matundu yake. Atakayekereka asipite.

Ila nami nina shida na ninyi. Baba alipiga watu picha pale miaka mingi, na mama alikuwa nyuma yao na beseni lake. Lazima yumo kwenye picha ya mtu. Labda bibi yako amesimama na sanduku la safari, na nyuma ya bega lake kuna mwanamke anauza vitumbua, amegeuka kutazama kinachoendelea. Fungueni makabati. Angalieni albamu za wazee wenu, lakini msiwaangalie wazee wenu, angalieni nyuma yao.

Mtaniuliza tutamjuaje, na ni haki yenu kuuliza. Nimekaa tangu mchana natafuta jibu la kuwaandikia. Mkinitumia hata wanawake kumi, wote na mabeseni yao, wote wamenitazama usoni, nitamjuaje?