Koti Lako na Bomba la Maji Taka

Doha

Kwako shemeji Odhiambo, huko Kosele,

Nakusalimu wewe, na kupitia kwako nawasalimu wote wanaoamkia boma hilo. Natumai barua hii itakukuta mzima, goti limeacha kukusumbua, na yule ng'ombe mwekundu mliyekuwa mkimngoja ameshazaa. Mimi huku mwili ni mzima. Ukitaka habari ya moyo, endelea kusoma.

Usishangae kupata barua siku hizi. Kwenye simu, kila nikifika penye neno lenyewe unaniambia mtandao unapotea, na ujumbe nikikutumia unausoma halafu unanyamaza. Karatasi haina mtandao. Nimempa msichana mmoja wa Rongo ninayefanya kazi naye, ambaye mkataba wake umeisha na anarudi, na ameniahidi kukukabidhi mkononi. Nimeandika kwa Kiswahili kama kawaida yetu, maana Kijaluo changu bado ni cha sokoni, na Kikuria chako kiliishia kwenye salamu siku mlipokuja Isebania kunitolea mahari.

Bado niko kwenye chumba cha kufulia nguo cha ile hoteli. Ni chini kabisa, hakuna dirisha, na joto la pasi linakufanya usahau kama nje kuna jua au hakuna. Shuka zinakuja kwenye matoroli, tunafua, tunanyoosha, tunakunja, yanakuja mengine. Wiki iliyopita bomba linalopita juu ya mashine lilianza kudondosha. Yalikuwa maji masafi tu, shemeji, matone. Msimamizi wetu akapiga simu moja, na kabla hatujamaliza chai fundi alikuwa ameshapanda ngazi na spana mkononi. Mimi nilisimama pale na shuka ya watu, nikalia. Wenzangu walidhani nimefiwa tena. Ningewaambia nini? Kwamba ninalia kwa sababu nimeona fundi akiruhusiwa kufanya kazi?

Nyumba ya Homa Bay unaijua, lakini acha niiseme tena, kwa sababu naona umeisahau. Tuliijenga mimi na ndugu yako Ochieng' kwa mkopo wa sacco ya walimu. Sacco ilikataa kutoa mkopo bila bima ya nyumba, na Ochieng' alinung'unika sana. Alisema tunalipia moto ambao hatujauona. Alipofariki niliendelea kuilipa bima hiyo, hata miezi ambayo nilikuwa naazima unga. Mama yako akahama Kosele akaja kuishi pale, awe karibu na kliniki yake ya presha, na akae na mtoto wangu Akinyi asome. Mimi nikaja huku Uarabuni kumaliza mkopo. Nilimwambia Akinyi kwamba mkataba huu ukiisha narudi, na kwamba shule zikifungwa atanikuta jikoni. Hilo ndilo neno nililomwachia mtoto, na nakuomba ulishike unaposoma haya mengine.

Mvua ndefu zilipoanza, Mama alinipigia akasema sakafu ya chumba cha nyuma inatoa jasho. Ni chumba anacholala Akinyi. Baadaye akasema kuna harufu. Baadaye plasta ikaanza kuvimba na kubanduka chini ya dirisha, na mtoto akaniambia, "Mum, hata nikifua uniform bado inanuka. Kwa class wanahama deski." Hapo sikuhitaji kuelezwa zaidi. Bomba la maji taka linalopita chini ya chumba kile lilikuwa limepata ufa.

Ndugu yangu Chacha ni fundi wa mabomba, hilo unalijua, maana ndiye aliyekufungia tangi la maji pale Kosele na ukamsifu mbele ya watu. Nikamwomba aende. Akatoka Isebania na mfuko wake wa vyombo na bomba jipya begani. Wewe ukasikia, sijui nani alikuambia, ukafika kabla yake, ukasimama kwenye geti.

Nilikupigia siku hiyohiyo. Ukaniita Nyar Isebania, binti wa Isebania, kama unavyoniita ukitaka nikumbuke kwamba mimi ni wa kuja.

"Nyar Isebania, skiza," ukasema. "Hiyo nyumba iko na mwenyewe, na mwenyewe amelala. Huwezi leta mwanaume wa kwenu achimbe sakafu ya ndugu yangu kabla mambo haijatengenezwa. Hiyo ni chira. Itashika huyo mtoto."

"Na maji taka?" nikakuuliza.

"Maji itangoja."

Shemeji, mimi si mtu wa kudharau mila. Sisi Wakuria tuna miiko yetu, na mingine ni mizito kuliko yenu. Najua kwenu nyumba ya mjane haiguswi, haiezekwi wala haichimbwi, mpaka mwanaume wa ukoo aingie badala ya marehemu, na kwamba anayevunja mwiko huo anafuatwa na laana hiyo ya chira. Nimekaa kwenu muda wa kutosha kujua hilo. Lakini hata Mama, aliyezaliwa ndani ya mila hiyo, alikuambia nikisikia kwenye simu, "Odhiambo, kwer ni ya dala. Hapa ni town. Hapa tunalipa maji kwa mita." Mwiko ni wa nyumba ya bomani. Ni nani aliyeutoa Kosele akaupandisha gari mpaka Homa Bay?

Mimi najua ni nani, na najua kwa nini. Tulipomaliza matanga ulikuja na koti lako la kijivu, lile la kitambaa kizito unalovaa harambee, ukataka kulitundika kwenye msumari wa chumba changu cha kulala. Mtu wa Kosele hahitaji kuelezwa kwamba koti la shemeji kwenye chumba cha mjane maana yake amemrithi. Nilikukunjia vizuri, nikakurudishia kwa mikono miwili, nikakuambia kwa heshima kwamba mimi nitabaki mke wa Ochieng' na nitalea mtoto wake. Ulilichukua ukaondoka nalo. Nilipopanda ndege ukarudi, ukalitundika. Akinyi ndiye aliyeniambia. Nikaliacha, nikajiambia koti halina miguu, na mimi siko. Hapo nilikosea. Kumbe uliliacha lingoje, na bomba lilipopasuka ukaona limepata msaidizi.

Basi maji yalifanya kazi yao. Mama alihamisha kitanda cha Akinyi sebuleni. Sakafu ikazama upande mmoja, vigae vikaruka, na ukuta wa nyuma ukapata ufa ambao Mama anasema mkono wake unaingia. Waswahili walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Mimi nilikuwa tayari kuuziba, nikakatazwa.

Hata hivyo sikukata tamaa. Nilijiambia bima ipo. Nililipa kwa miaka, na kwenye mkataba imeandikwa kwamba madhara ya mabomba yanayovuja, ya maji safi na ya maji taka, yanalipwa. Nikatuma madai. Wakasema watamtuma mkaguzi aangalie nyumba na kuzungumza na watu wa hapo. Nilimwambia Mama ampokee. Lakini wewe ulisema mgeni wa ofisi hapokewi na mwanamke mzee na mtoto wa shule, ukavaa shati jeupe, ukaenda kukaa sebuleni kama mwanaume wa nyumba.

Sijui ni pepo gani aliyekuingia. Wengine wangedanganya. Wengine wangesema hawajui, wamwite Mama. Wewe ulimweleza yule kijana wa bima kila kitu, na Mama anasema ulieleza kwa fahari, umekunja mguu. Walipokataa kulipa nikapiga simu kwa ofisi yao, nikampata mama mmoja mwenye sauti ya upole.

"Madam, pole sana," akaniambia. "Bomba ikipasuka tunalipa. Hata hii yenu tungelipa, kama mngeripoti mapema na mtengeneze. Lakini kama mwenye nyumba anajua inavuja na anaiacha tu, hiyo hatulipi. Na shemeji yako amemwambia mkaguzi mlijua tangu mvua ndefu, na fundi akarudishwa kwa geti."

"Amemwambia hivyo?"

"Alieleza vizuri sana. Alisema bomba inangoja wewe upate bwana."

Nikasikia anazuia kicheko. Simlaumu. Mimi mwenyewe ningecheka kama nyumba ingekuwa ya mtu mwingine.

Nimeusoma tena mkataba ule, kila mstari. Moto umo. Radi imo. Wezi wamo, na hata ndege ikianguka juu ya paa watalipa. Chira haimo, shemeji. Hakuna mahali walipoandika kwamba maji taka yakingoja ruhusa ya ukoo, wao pia watangoja.

Sasa sikia gharama yake, na sitaki kukuambia kwa shilingi. Ukuta ule hautajijenga, na msingi pia. Mkopo haujaisha. Kwa hiyo juzi niliitwa ofisini hapa hotelini nikaweka sahihi mkataba mwingine, miaka miwili. Nilimpigia Akinyi kumwambia. Nilitegemea atalia, nikawa nimejipanga na maneno ya kumbembeleza. Hakulia. Aliniuliza kama huko Doha kuna mvua. Nikamwambia ni kidogo sana. Akasema, "Afadhali wewe," akampa nyanya yake simu. Hayo ndiyo yaliyonikata, Odhiambo. Mtoto wa umri wake alitakiwa kulia.

Nina hasira nawe, na sitaifunika kwa salamu. Kama ungekuwa unaogopa laana kwelikweli, ningekuhurumia, maana hofu haina dawa. Lakini mtu anayeogopa laana hamwachi mtoto wa ndugu yake alale juu ya kinyesi akingoja mama yake achoke. Ulitaka nichoke. Nimechoka, ndiyo, lakini si kwa namna uliyoitaka.

Na sasa nikuambie jambo ambalo hujalijua, kwa sababu tangu mkaguzi aondoke hujaonekana Homa Bay. Mama alinipigia asubuhi moja anahema kama mtu aliyetoka kisimani.

"Robi nyathina, mwanangu," akasema, "mimi nimechimba."

Nikafikiri ameota. Kumbe alingoja Akinyi aende shule, akachukua jembe lake la bustani ya sukuma, akang'oa vigae vilivyobaki, akachimba sakafu ya chumba cha nyuma. Mama yako, shemeji, mwenye presha, ambaye wewe mwenyewe husema asibebeshwe hata ndoo. Alichimba akipumzika kitini, anachimba tena, mpaka akalifikia bomba.

"Mama, na chira?" nikamuuliza.

"Mimi ndio nilizaa Ochieng'," akasema. "Mimi ndio nilizaa Odhiambo. Kama chira inatafuta mtu wa hii familia, ikuje. Niko hapa kwa kiti."

Ufa ulikuwa mrefu kama kiganja, na uchafu unatoka. Hakuwa na kitu cha kuuzibia mpaka fundi afike. Vitambaa vya jikoni vilikuwa vyepesi, vinaloa na kuteleza. Akaingia chumba changu cha kulala kutafuta, akaona koti lako kwenye msumari. Anasema lilifaa sana. Alilizungusha kwenye bomba, akalifunga kwa kamba ya mbuzi, na maji yakatulia. Kisha akampigia Chacha, akamwambia aje, na kwamba safari hii getini atakuwa amesimama yeye.

Chacha alikuja. Bomba jipya liko mahali pake na sakafu imefunikwa kwa zege. Ukuta bado una ufa, huo ni wangu na miaka yangu miwili. Lakini Akinyi ameacha kunuka, na deski hazihamishwi tena.

Nisalimie mke wako, ambaye alikuwa akimpelekea Mama maji safi na mboga kimyakimya wakati wewe unalinda geti. Mwambie namshukuru, na kwamba lile koti sikuwahi kulitaka, alale kwa amani. Nisalimie shangazi yenu anayeimba kwaya, na katekista aliyetuzikia Ochieng'. Mwambie bado nasali, ingawa siku hizi namsemesha Mungu kwa sauti ya juu kidogo.

Karibu nisahau. Mama amelifua koti lako, akalifua tena, akaliloweka kwa sabuni ya unga usiku mzima. Harufu imekataa kutoka. Amelianika kwenye ua wa mbele, karibu na geti, wanapopita majirani wakienda kanisani. Anasema hatalileta Kosele wala hatalikabidhi kwa mtoto. Uje mwenyewe ulichukue, mchana, na ukiondoka ulivae.

Ni mimi,
Robi, mke wa Ochieng'