Harage nililompigia balozi kura

Mjukuu wangu Anisia,

Shikamoo yako nimeipokea, marahaba, ingawa imechelewa miezi miwili. Huku Mbuba tu wazima, ng'ombe amezaa, na mama yako bado anakoroma.

Unaniuliza kama nilijua kwamba Wagiriki wa kale walipiga kura kwa kokoto. Unadhani bibi yako alizaliwa jana? Mimi nilipiga kwa harage.

Nilikuwa nimeolewa juzi tu. Tulikuwa tunachagua balozi wa nyumba kumi, na kila mtu alitakiwa asimame nyuma ya amtakaye. Baba mkwe wangu aligombea, naye alikuwa mkali kupita kiasi. Kwetu mkamwana hamsogelei baba mkwe, kwa hiyo kwenye mstari wake nisingeweza kusimama. Na kwenda kwa mpinzani wake, jirani yetu Petro, niliyemtaka awe balozi, ni kutafuta kurudishwa kwa wazazi. Nikabaki katikati kama kigingi, mume wangu akinitolea macho.

Mwalimu aliyesimamia akaona wakamwana wote tumekwama. Akaweka vyungu viwili darasani, kila mgombea na chake, wapiga kura wote tukaingia mmoja mmoja na harage mkononi. Langu nililitia kwa Petro.

Baba mkwe akashindwa. Jioni nilimsikia uani akimwambia mkewe, "Leta chakula. Aliyeninyima simjui, sasa nimchukie nani?" Nikashusha pumzi, nikala kama niliyetoka kulima.

Hao Wagiriki wako siwajui. Lakini aliyebuni kura ya siri, hakika naye alikuwa na baba mkwe.

Bibi yako,
Velediana