Jina Walilokuitia Riruta

Auntie,

Wamenichukua! Mama ameshawaambia nusu ya kanisa, lakini wewe nilitaka usikie kutoka kwangu.

Ni nafasi ya mwanagenzi, ya likizo tu, kwenye kampuni ya habari kule katikati ya jiji. Nitakuwa na timu inayobuni programu ya simu ya kusomea habari. Kazi kama yako, Auntie. Kila mwombaji aliambiwa alete ukurasa mmoja wa programu yao aliouboresha. Wenzangu walileta michezo na hali ya hewa. Mimi nilipeleka matangazo ya vifo.

Ulipotuacha, tulitangaza kifo chako kwenye programu yao kwa jina lako la kitambulisho, Margaret Wanjiru. Lakini hapa mtaani Riruta nani alikujua hivyo? Kwa majirani ulikuwa Kalamu, kwa ile kalamu uliyochomeka kwenye nywele kila siku. Mama Boni wa mboga aliliona tangazo kwenye simu yake, akalipita. Tulikuwa tumeshakuzika aliponiuliza, "Kwani Kalamu alihama bila kuniaga? Mboga zake za managu bado namwekea." Nikamfungulia lile tangazo kwenye simu yake. Akaelewa, akaketi juu ya gunia la viazi...

Basi kwenye ukurasa wangu, jina la mtaani liko juu, kwa herufi kubwa. La kitambulisho linafuata.

Kwenye mahojiano, mzee mmoja kati ya walionihoji alicheka. "Sasa msichana, jina la utani kwa tangazo la kifo? Si watu watasema tunacheza na marehemu?"

Nilikuwa na maelezo mengi. Kisha nikakumbuka ulivyofanya kazi: unampa mtu simu, unamwomba atafute kitu, halafu unanyamaza, hata akihangaika. Nikitaka kumsaidia, unanikanyaga mguu chini ya meza. Sijaona mtu mwenye subira kama yako.

Nikampa simu yenye ukurasa wao wa zamani, tangazo lako likiwamo. "Kuna jirani yetu hapo, tunamwita Kalamu. Nitafutie, tafadhali." Nikanyamaza. Kidole chake kilishuka kwenye kioo, kikapanda, kikashuka tena. Kalamu hakumwona, na akina Margaret Wanjiru walikuwa watatu.

Akaiweka simu mezani. "Marehemu baba yangu," akasema, "kijijini hakuna aliyejua anaitwa Stephen. Ni Baba Trekta tu." Mwanamama aliyekaa kando yake akasema bibi yao naye alijulikana kama Cucu wa Maziwa. Wakaanza kutajiana wazee wao huku wakicheka, hata wakasahau kuniuliza maswali yaliyobaki.

Jana walipiga simu. Mama alipiga vigelegele, akalia kidogo, kisha akaniuliza nitavaa nini.

Naanza shule zikifungwa. Pumzika, Auntie, umenifundisha vizuri. Nakuahidi hivi: mtu akipotea kwenye ukurasa wangu, sitasema hajui simu. Nitasema nimekosea mimi, nianze upya.

Wako,
Nyambura