Radhi ya Rehema Usinidai Mimi

Mwanaidi shoga yangu,

Salamu sikupi, maana hujibu tena, na mimi sijazoea kumsalimu mtu akaninyamazia. Tangu tukutoe kwenda kuzikwa, mwanao Hamisi ameshang'oa mlango wa uani, ati anaweka wa chuma. Paka wako kahamia kwangu, na ana maringo kama yako.

Nimekaa kuandika kwa hili darasa langu la saba ulilokuwa ukilicheka. Lipo jambo lilitokea siku ya kukuzika, nawe umelazwa ndani ubani unafuka. Nataka ulisikie kwangu, si kwa umbeya wa watu wa Ngamiani.

Unakumbuka kiwanda kilipouzwa? Waume zetu walirudi na makaratasi, wakakaa barazani kama magunia. Mwanao Salimu akaenda Maskati kuendesha gari la watu. Barua hazifiki, simu ghali. Ndipo lile duka la vitenge karibu na posta likageuzwa la intaneti. Na nani mtaani kwetu alijua kuifungua? Mwanangu Rehema! Hajavunja ungo, akiketi kitini miguu haifiki chini, na vidole vinakwenda kama mvua juu ya bati. Alijifunza kwa kusimama nyuma ya watu na kutazama, basi. Sijisifu, wewe mwenyewe ulisema, "Mama Rehema, huyu umemzaa au umemwokota Ulaya?"

Akawa macho yako na mkono wako. Kila Ijumaa ulijifukiza udi, ukavaa doti mpya, ati unakwenda kuonana na Salimu. Ukakikaribia kile kioo ukapaza sauti: "Salimu! Unakula?" Kijana wa dukani akakwambia, "Mama, hiyo haisikii." Ukamjibu, "Hata wewe husikii, mbona umeajiriwa?" Nilicheka mpaka nikakaa sakafuni. Rehema akaandika yote, hata kikohozi chako ulimwambia akitie. Na majibu yakija, sharti lako lilikuwa moja: "Nisomee yote, mwanangu. Usinimezee hata neno."

Siku ile barua haikutoka kwa Salimu. Ilitoka kwa tajiri wake, kwa Kiingereza. Rehema akafurahi, kapata pa kuonyesha. Akageuza neno kwa neno, kwa sauti, kidole kiooni: "Tunasikitika... mwanao Salimu... gari..." Mtoto yule hakujua anachokisoma mpaka kilipokwisha kumtoka.

Sisi hatupeani msiba hivyo. Ulistahili kujiwa na wazee, waombe maji ya kunywa, waseme mgonjwa kazidiwa, wanawake wakukalie kulia na kushoto wakushike, ndipo neno litamkwe. Ulikosa haki yako, najua iliuma. Ukampiga kofi mwanangu akaanguka na kiti. Kofi nililisahau, mama aliyefiwa mkono wake si wake. Lakini arobaini ya Salimu ilikuwa imepita, machozi yameshakauka, ndipo ulipomwita mbele za watu, "Kinywa cha Izraili." Ukasema mtoto huyu hasomi habari, anaziita. Wanawake wakawa wanafunika wachanga wao akipita. Harusini kwa jirani akapokonywa sinia: "Wewe usitamke kitu hapa." Na wewe ulikuwepo, Mwanaidi, unatafuna tambuu.

Hakusoma tena kwa sauti. Mwalimu akamchapa, hakusoma. Siku ya ndoa yake kadhi akamtaka ridhaa, kimya. Watu wakacheka, wakasema kimya cha mwari ndiyo kukubali. Mimi nilijua kinywa kile kakishona nani. Leo yuko Dar es Salaam, ofisi ina kiyoyozi, kompyuta zikiugua yeye ndiye mganga wao, na wanaume wenye tai humngoja mlangoni. Lakini wanawe hajawasomea hata kisa cha sungura. Anawapa kitabu, wasome wenyewe.

Nilikupenda hata hivyo. Ukuta wetu mmoja, chumvi yetu moja. Ulipougua nikakuogesha, nikakunywesha uji. Ukaomba radhi kwa kila mtu, mpaka kwa muuza samaki. Jina la Rehema hukulitaja.

Basi tulipokwisha kukukafini, dada yako Tatu akasema mbele ya wanawake wote, "Mama Rehema, msamehe mwenzio kabla wanaume hawajamchukua."

Nikamjibu, "Yangu nimemwachia zamani. Ya mtoto si yangu kuitoa. Muulizeni mwenyewe."

Akapigiwa simu, ikawekwa sauti ya juu, hapo karibu na kichwa chako.

"Shikamoo, mama mdogo."

"Marahaba, mwanangu," Tatu akasema. "Mama Salimu... hali yake si nzuri."

"Anaumwa?"

"Amezidiwa kidogo."

Kidogo! Nawe umelala na pamba puani.

"Kuna nini? Niambieni."

Simu ikapita mkono kwa mkono. Wanawake wazima, waliozika wazazi na watoto, kila mmoja akazungushazungusha akampa mwenzake. "Tumwombe Mungu." "Jikaze, mwanangu." Ikanifikia mimi, mamaake. Nikafungua kinywa. Nikamuuliza kama amekula.

Akatutoa aibu mwenyewe, sauti kavu kama makuti: "Amekufa. Bi Mwanaidi amekufa. Haya, nimewasomea."

Tatu akadakia, "Basi sema umemsamehe, mwanangu. Neno moja tu."

Tukangoja. Chumba kizima tumeinamia simu, na wewe katikati yetu. Tukasikia vidole vyake vinagonga kibodi, ofisini kwake huko, anaendelea na kazi. Kisha simu ikakatika. Wanaume wakapiga hodi, wakakuchukua hivyo hivyo.

Nenda, shoga yangu. Kaburi lako Mungu alipanue. Arobaini yako nitapika mimi, pilau ambayo hata wewe ungekosa pa kuitia kasoro, na Yasini nitakusomea kila Ijumaa. Lakini nakuahidi na hili: ningali hai, hakuna atakayempigia tena mwanangu kumwomba hiyo radhi, si Tatu, si Hamisi, si mimi. Mngoje huko huko. Akija, umwombe kwa kinywa chako.

Mwenzio wa ukuta mmoja,
Mama Rehema