Kipande cha Akoth Kilichobaki Kwenye Nta

Jumapili. Baridi, ukungu dirishani, viungo vinauma.

Asubuhi mpwa wangu alipiga simu kutoka kijijini kwetu Masara. Wiki ijayo wanalijengea saruji kaburi la mama yake, dada yangu Akoth. Nilimpongeza. Kisha nikakaa kitandani, nikashindwa kuvaa kiatu cha pili.

Akoth hakuzikwa kamili.

Miaka ya sitini nilikuwa msaidizi wa maabara hospitalini Homa Bay. Akoth alikuja na uvimbe kwenye titi. Daktari alikata kipande kama punje ya mahindi, nikakitia mwenyewe kwenye formalini kisioze, kikapelekwa Nairobi.

Huko, kama nilivyofundishwa, kipande hukaushwa maji kwa spiriti, hugandishwa ndani ya nta, halafu hukatwa kwa kisu cha mashine kuwa vipande vyembamba kuliko ganda la kitunguu. Hulazwa juu ya kioo na kutiwa rangi, maana bila rangi hadubini haioni kitu. Viini vya seli hushika buluu, sehemu nyingine waridi.

Jibu lilifika: saratani. Akoth hakukaa sana baada ya hapo.

Matangani mama aliniuliza mbele ya watu, "Na ile nyama yake mliyokata iko wapi?"

"Nairobi, Mama. Ni ndogo sana."

"Hata wewe ulizaliwa mdogo. Nilikuacha?"

Kwetu mtu hurudi udongoni mzima. Niliandika kuiomba. Nta ilifika pamoja na kioo kimoja baada ya maziko, na kaburi likishafunikwa halifukuliwi.

Nilikitazama kioo kwa hadubini yetu. Tishu ni seli za kazi moja zilizokaa pamoja, kama ukoo katika boma: za kufunika, za kuunganisha, za misuli, za neva. Zile zilizofunika mirija ya maziwa ya Akoth zilikuwa zimevunja ua na kuingia kwa majirani.

Sauti yake siikumbuki tena. Seli zake nazikumbuka.

Mama aliihifadhi nta kibuyuni mpaka naye akaondoka. Mimi nilikuwa nimeshahamia ugenini, ikanifuata huku. Imegeuka manjano. Kwenye kioo buluu imefifia, waridi bado ipo.

Miguu yangu haiwezi safari. Nimemwomba binti yangu aende kabla ya saruji, achimbe kando tu ya kaburi, aizike.

"Baba, uwanja wa ndege wakiniuliza hiki ni nini?"

"Waambie ni shangazi yako."

Alicheka. Kisha akaniangalia, akachukua simu kutafuta tiketi.

Nta nimeifunga kwenye leso. Kioo bado kiko mezani, karibu na mkono wangu. Nimejiambia ni kioo tu, hakuna atakayekiulizia.

Mama angekiulizia.

Nimefungua leso na kukiweka ndani.