Kibuyu cha Rendel

La Ceiba, 4 Februari

Mama mpenzi,

Shikamoo. Mgongo unaendeleaje? Mimi ni yule yule. Nikichana nywele, lazima nilale kwanza ndipo nivae. Mwaka wa pili huu tangu ile homa, na shuleni bado wanasema mwalimu Melbina ni mvivu. Daktari kasema tujaribu oksijeni. Hana hakika, ila anao wagonjwa waliopata nafuu.

Unaingizwa kwenye pipa kubwa la chuma lenye benchi na kidirisha. Mlango unafungwa, hewa inasukumwa ndani mpaka masikio yanaziba, nawe unavuta oksijeni kwa barakoa. Wenzangu wote ni wazamiaji wa kambakochi, watu wa kwetu, waliopooza kwa kupanda juu haraka. Mmoja, Erasmo, alinipokea hivi: "Mwalimu, wewe ulizamia wapi? Kwenye madaftari?" Nilicheka mpaka barakoa ikanitoka.

Mwanao,
Melbina

Kaukira, 19 Februari

Mwanangu,

Marahaba. Mgongo unauma kama kawaida yake, tumeshazoeana. Mkate wa nazi nimempa mjomba wako akuletee, akiula njiani nitamjua.

Umeandika mengi, moja umelimeza. Hilo pipa ndilo alimofia kaka yako Rendel? Uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi, usinifiche.

Unakumbuka kijiji kizima kilisema Rendel kapigwa na Mwanamke wa Maji, mwenye bahari, kwa kuvua kambakochi kupita kiasi. Kwa hiyo mganga Tila alimwita kutoka baharini. Kimulimuli kikaja ufukweni, tukakitia kibuyuni, tukakifungulia kaburini ili roho ilale na mwili wake. Lakini tangu siku ile sijamwota hata mara moja, na aliyelazwa vizuri huja kuaga.

Mama yako

La Ceiba, 11 Machi

Mama mpenzi,

Shikamoo. Ndilo pipa hilo. Nisamehe.

Lakini sikia habari njema kwanza: juzi nilikwenda sokoni kwa miguu yangu, nikapika maharage nimesimama! Sasa hii nyingine. Mwisho wa benchi pana unyevu siku zote, na wazamiaji hawapakai. Erasmo anasema, "Hapo pana mwenyewe." Mimi nimekuja mwisho, ndipo nilipopewa.

Wanapoanza kuipunguza hewa, ukungu hujaa ndani na baridi hushuka. Hapo mtu hunibana kidole kidogo. Unakumbuka tulivyokuwa watoto, tukizamia makombe, Rendel akiishiwa pumzi alikuwa ananibana kidole hicho? Maana yake tupande. Nikigeuka simwoni mtu. Kuna kitaa tu, kama kimulimuli, kinatambaa kwenye kidirisha, na vidole vyangu vimelowa.

Mama, kila akinibana natoka na nguvu. Naogopa, na natamani siku ya kurudi humo ifike.

Mwanao,
Melbina

Kaukira, 20 Machi

Mwanangu,

Hujambo? Mimi sijambo, ila sina usingizi. Tulimwita baharini naye alikuwa amefungiwa kwenye chuma, anangoja mtu wa kupanda naye. Tulichokizika sijui ni nini. Mungu atusamehe.

Nakutumia kibuyu na kitambaa changu cha kichwa cha kukifunikia. Tila anasema Rendel atamfuata mtu wa damu yake tu. Kitaa kikitokea, fungua, sema, "Rendel, nyumbani," kisha funika. Usiongeze neno lolote.

Nguvu hizo huenda ni pumzi yake. Akiondoka, huenda zikaondoka naye. Nyote nimewazaa, siwezi kukuamulia.

Mama yako

La Ceiba, 14 Aprili

Mama,

Shikamoo. Usiuchukie mwandiko, nimelala.

Kibuyu nilikificha chini ya kitanda. Nilirudi darasani, mama. Nilijaza ubao mzima nimesimama, watoto wakaniimbia. Ningeyaachaje hayo? Lakini kila nikiingia alibana zaidi, mpaka kidole kikawa cheusi. Nami nilijua anachoomba, nikajifanya sijui.

Jana nimemchukua. Ukungu uliposhuka alinishika, na maneno yako yote yakanitoka. Nami nikambana kidole chake, nikamwambia, "Tupande." Kitaa kikaingia kibuyuni kama kuku jioni.

Erasmo anarudi nyumbani, anakuletea. Sina maumivu. Najisikia mwepesi mno, kitanda hakinihisi. Ngoja nilale kidogo.

Mwanao

Kaukira, 23 Aprili

Melbina,

Hujambo? Nakuuliza kweli, hii si salamu.

Erasmo kafika na kibuyu, hakufungua. Jua lilipozama mimi na Tila tulikwenda kaburini. Kimulimuli kikatoka, kikatua msalabani, kikazama udongoni. Nililia kwa furaha. Nikasema mwanangu kafika.

Nikainama nichukue kitambaa. Kibuyuni kulikuwa bado na mwanga.

Cha pili kilitoka polepole, kama mtu aliyechoka. Hakikwenda kaburini. Kilinizunguka, kikatua kwenye kidole changu kidogo.

Tila aliniuliza, "Ulimwambia aseme nini?" Nikamwambia. Akauliza, "Na yeye alisema nini?" Nikatoa barua yako, nikamsomea: "Tupande."

Nimekirudisha kibuyuni, nimekifunika kwa kitambaa. Udongo hakitaugusa. Simu ya hapo unapopanga inaita tu. Barua hii inatangulia na mjomba wako leo, nami nafuata kwa boti ya kesho, kibuyu kifuani. Bado kinawaka.

Mjomba akikugongea, mfungulie. Usipoweza kuinuka, gonga ukuta ajue upo.

Mama yako