Mdogo Wangu Alitaka Maji, Kompyuta Ikasema Ameshiba

Mpendwa Bi. Khairiya,

Assalaam aleikum. Naomba unisaidie, na naomba pia jina langu lisitajwe gazetini, kwa sababu hata kujibu swali darasani naona haya, na wenzangu wakijua ni mimi sina pa kuuweka uso wangu.

Mimi ni msichana wa kidato cha tatu, naishi Mji wa Kale na mama, nyanya na mdogo wangu wa kiume ambaye hapa nitamwita Huzaifa. Huzaifa ana miaka saba, anasikia kila kitu na anaelewa kila kitu, lakini alipata tabu wakati wa kuzaliwa na mdomo wake haumtii, akitaka kusema hutoka mlio tu, na kwa kuwa hakuweza kuamkia watu kuna waliosema kwamba mtoto yule hana adabu, maneno ambayo yalimuumiza mama kuliko ugonjwa wenyewe.

Mwaka jana niliazima shuleni kitabu cha zamani cha kujifunza kuandika programu kwa lugha ya Python, nikajifunza kidogo kidogo kwenye kompyuta kuukuu ya mjomba, mpaka nikaweza kutengeneza programu yenye picha, ukibonyeza kikombe inasema "nataka maji," ukibonyeza mkono inasema "shikamoo," na picha nyingine nyingi, na Huzaifa akawa anasukuma kipanya kwa ngumi na kuzungumza. Sauti niliyorekodi ni yangu, mimi ambaye mbele ya watu sauti hainitoki. Jirani yetu Mzee Abdulghafur akawa hapiti baada ya alasiri bila kusimama mlangoni petu.

"Haya, bwana mkubwa, wasemaje leo?"

"Shikamoo babu."

"Marahaba! Mashallah! Lakini sauti hii ya bibi harusi umeitoa wapi?"

Na Huzaifa hucheka mpaka anaanguka ubavu.

Basi mwezi uliopita nikasoma kwamba toleo la Python nililojifunzia, la pili, limeachwa zamani, halitunzwi tena na si salama, na mimi nikisoma jambo kitabuni hulifuata, nikaliondoa lote nikaweka toleo la tatu, bila kujua kwamba programu iliyoandikwa kwa lile haiendi hivi hivi kwa hili. Ilikataa kuwaka. Kwanza ililalamika kuhusu mabano ambayo zamani hayakuhitajika, nikayaweka, kisha ikasema haijui jina la maktaba ninayoiita, maana yake yale mafungu ya kazi ambayo wengine wamekwisha kuyaandika nawe unayaazima tu, kumbe jina lenyewe sasa linaandikwa kwa herufi ndogo, nikalibadilisha, na kila nikiponya mstari mmoja, wa chini yake unaanguka. Mwisho ikafika kwenye hesabu. Programu yangu hupima umebonyeza wapi kwenye kioo, ikagawanya kwa upana wa picha ili ijue ni picha ipi imebonyezwa, na toleo la zamani likigawanya namba nzima hudondosha baki, lakini hili jipya huleta desimali, likaniambia hakuna picha ya tatu na nusu. Nikaikadiria iende kwenye namba nzima iliyo karibu. Nikajaribu picha mbili tatu, zikasema sawa, nikafurahi.

Jumamosi iliyopita mchana nilimwacha Huzaifa akila wali na nyanya, nikaenda kuosha vyombo. Nikaisikia sauti yangu kutoka sebuleni.

"Nimeshiba."

"Mara hii?" akauliza nyanya. "Hata robo hujala."

"Nimeshiba. Nimeshiba. Nimeshiba."

"Basi, baba, nimesikia, usinipigie kelele. Na wewe una haraka ya kwenda wapi?"

Akaondoa sahani na jagi la maji. Nilipotoka jikoni Huzaifa alikuwa ametoa ulimi kwa pilipili ya mchuzi, machozi yanamtiririka, bado ngumi yake inagonga kipanya, na nyanya anamwambia, "Sasa walia nini, na wewe mwenyewe ndiwe uliyesema?"

Alikuwa anabonyeza kikombe, Bi. Khairiya. Alikibonyeza upande wa kulia, na lile kadirio langu likamhesabia picha inayofuata. Lakini siku ile sikulijua hilo, nilidhani maktaba ya sauti ndiyo imechanganya, nikaiondoa na kuweka mpya kabisa, na hiyo mpya ikakataa kufanya kazi kwenye kompyuta kuukuu kama ile, na tangu hapo haisemi hata neno moja. Nimeuliza watu mtandaoni, mmoja akaniambia kwa nini natumia vitu vya kizee, mwingine akaniambia kwa nini niliviondoa. Na hata ikipona sijui itasaidia nini, kwa sababu nikimletea Huzaifa kompyuta anaifunga kwa kiganja chake na kugeukia ukutani.

Jumatatu ijayo anapelekwa shule. Mkuu wa shule, Mwalimu Rispah, alimwambia mama, "Mlete nimwone. Akiweza kuniambia jina lake na kuniomba ruhusa ya kwenda msalani, nitamchukua." Mama ameshamshonea sare na hajui lolote, anarudi kazini amechoka na mimi sithubutu kumwambia, nimefikiri niende nao nifiche simu kwenye buibui, Huzaifa akigusa picha mimi niicheze sauti kisirisiri ionekane ni kompyuta. Je, nitakuwa nimekosea? Naomba radhi kwa kukuchosha na barua ndefu. Sina tena la kujaribu.

Aliyemnyamazisha nduguye,
Mji wa Kale

JIBU

Mwanangu,

Waaleikum salaam. Jina hilo ulilojipa sikulipenda, na nisingekuwa na haraka ningelikata.

Mimi kompyuta najua kuiwasha na kuizima, kwa hiyo barua yako nilimpelekea Mwende, anayetunza mitambo hapa gazetini. Alianza kuisoma amesimama, akaimaliza ameketi. "Mwambie sisi sote wa kazi hii tumewahi kufanya hivi," akasema. "Ila nani alimwambia aondoe la zamani? Matoleo mawili hukaa ndani ya kompyuta moja na hayagombani. Alirudishe. Na maktaba ya sauti achukue ile ile aliyokuwa nayo, zinahifadhiwa mtandaoni, kila toleo na namba yake, ataje namba, asibebe tu iliyo mpya. Akitaka kuhamia toleo la tatu afanye kwenye nakala, programu ya asili asiiguse. Na pale kwenye hesabu asikadirie. Aweke alama mbili za kugawanya badala ya moja, baki itadondoka kama zamani. Kisha abonyeze kila picha, katikati na pembeni. Picha mbili tatu hazitoshi." Nikamuuliza kama itakuwa tayari Jumatatu. Akatikisa kichwa. Inawezekana, asema, lakini yeye asingeahidi, na mimi sikuahidi.

Sasa hiyo simu ya ndani ya buibui. Hapana. Mwalimu Rispah atakugundua, walimu wana macho, lakini hata asipokugundua atakayekuwa amejibu ni wewe. Na juma litakalofuata, wewe uko darasani kwako na mtoto anataka msalani, nani atamchezea sauti? Umewahi kulifikiria hilo, au ulifikiria Jumatatu peke yake?

Mwambie mama leo. Usimngoje apumzike, hatapumzika. Atakasirika, na bora akasirike nyumbani kuliko ofisini kwa mkuu wa shule. Kisha chora zile picha kwa mkono wako, zibandike kwenye kadibodi ngumu, na Jumatatu Huzaifa aguse kwa ngumi yake ile anayoitaka. Jina lake aandikiwe pamoja na picha yake, msalani umchoree kama anavyopajua mwenyewe. Mwalimu alisema amwambie, hakusema amwambie kwa kompyuta. Huenda akakataa. Sitakudanganya, wapo wanaokataa, na mama itabidi abishe mlango mwingine akiwa na sare hiyo hiyo mkononi. Lakini atakataliwa akiwa amejieleza mwenyewe.

Nimemaliza ya mashine. Limebaki moja, na hili nakugombeza.

Umenieleza mabano, umenieleza herufi ndogo, umenieleza desimali. Umeniomba radhi mimi nisiyekujua, kwa sababu ya urefu wa barua. Nimeisoma tena na tena nikitafuta mahali ulipomwomba radhi Huzaifa, sikupaona. Mtoto alisema neno la kweli, likatoka jingine, akanyang'anywa maji, kisha akaulizwa analilia nini na yeye mwenyewe ndiye aliyesema. Toka siku ile wewe unashughulika na kompyuta. Hakuna aliyemwambia kwamba hakukosea. Wewe ungeifungua tena?

Basi nenda. Kompyuta iache ilipo. Mwite nyanya aje asikie naye, ukae sakafuni karibu na mdogo wako, useme kwa mdomo wako, haya au hakuna haya: "Ulibonyeza sawasawa. Niliyekosea ni mimi." Usiongeze maelezo ya hesabu, hayamhusu. Akiugeukia ukuta usimvute, wala usiondoke. Kugeuka huko ndilo jibu lake, na safari hii limekufikia kama alivyolikusudia.